Makovu ya Rangi Mbili

Kaka yangu Emlyn alikuwa na makovu ya rangi mbili.
Ya buluu yalitoka mgodini,
vumbi la makaa lilipoingia jerahani
na ngozi ikafunga mlango nalo likiwa ndani.
Meupe yalitoka ulingoni.
Ya buluu hayakumlipa kitu.
Meupe niliyaandika mimi.

Mam hakujua kusoma. Baba tulimwacha chini,
upande wa mashariki, ambako hawakuchimba tena.
Basi lile daftari la madeni ya sukari na sabuni
nililigeuza juu chini, nikaanza upya kutoka nyuma:

*1909, Septemba. Hema la maonyesho, Pontypridd.
Raundi tatu na mfuga farasi wa Ireland.
Pauni moja. Jino moja. Viatu vya Mam.*

Uzani wa unyoya, walimtangaza.
Unyoya gani huu, nilimcheka,
unaomaliza mkate mzima na kuulizia ganda?
Usiku aliloweka mikono katika maji ya chumvi
yale tuliyohifadhia nyama ya nguruwe,
na Cadwgan kinyozi, kocha wake,
alimpungia taulo usoni mpaka kope zikazoea.

Mchungaji Treharne alihubiri habari za Kaini
macho yake yakiwa kwenye benchi letu.
Alhamisi akaja kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi,
kuuliza kama Jumamosi Emlyn atashinda.

Mkono mtupu haulambwi.
Wa Emlyn ulirudi umejaa, ukalambwa na mtaa mzima:
huyu kodi, huyu jeneza la mtoto,
huyu kiu tu.

*1912, Machi. London. Raundi ishirini. Ameshinda.
Pauni thelathini na tano. Mapazia.*

Huko, alisimulia, mabwana hukaa na sigara zao
na ni mwiko kupiga kelele raundi ikiendelea.
"Gwenllian, ngumi sikuziogopa.
Niliogopa ule ukimya.
Nilisikia mbavu za yule kijana
kama mtu anayevunja kuni chumba cha pili,
halafu mtu mmoja akaweka uma wake mezani, polepole."

*1914, Februari. Liverpool. Mfaransa. Raundi ya kumi na saba.
Pauni arobaini.*

Mstari unaofuata niliuacha wazi.
Sikujua jicho la kushoto huandikwa safu ipi,
mapato au matumizi.

Vita ilipokuja, daktari wa jeshi
alimziba jicho zima kwa kiganja:
"Vidole vingapi?"
"Sioni vidole, bwana. Naona ngumi inakuja."
Wakacheka, wakamrudisha nyumbani.
Aliopanda nao treni asubuhi ile
majina yao sasa yako ukutani kanisani,
na mara nyingi nilimkuta amesimama pale,
akiyasoma kwa ncha ya kidole.

Mgodi ulimpa kazi ya taa.
Miaka kumi na mitano kwenye kidirisha,
akipokea kibao cha namba, akitoa taa.
Majina yalianza kumtoka. Hata langu,
siku nyingine, alilizunguka kwanza
kama anayetafuta upenyo kwenye ulinzi wa mtu.
Lakini namba alizishika zote,
na jioni taa moja isiporudi
hakuketi, hakula,
mpaka mia mbili na kumi na nne
apande juu akitukana, amechelewa tu.

Cadwgan alikuja kumnyoa mara ya mwisho.
Hakudai senti. Alipofika kidevuni
mkono wake ulisita,
kama Emlyn angeweza bado kuinamisha kichwa akakwepa.

Kisha nikamwosha mimi.
Mabega, mgongo, vifundo vya vidole.
Yale ya buluu yalikuwepo yote, niliyajua moja moja.
Ya ulingoni niliyatafuta na taa karibu,
nikafuata nyusi, midomo, mbavu za Liverpool.
Sikuyaona.
Mwili wote ulikuwa mweupe.